NiFi 2 inagoma kuwaka kwenye seva ya vm

Wakuu, jana usiku nimeapgredi NiFi (programu ya kuhamisha na kuchakata data) toka 1.23 kwenda 2.0 kwenye vm (kompyuta pepe) ya kazini, Ubuntu, ramu gigi 8, sasa nikiwasha inazima yenyewe na bosi anataka ripoti asubuhi, nimekosea wapi?

— Java inayoiendesha ni toleo lipi mkuu? 2.0 inataka 21, chini ya hapo haiwaki hata uibembeleze.

— Duh, ni 11 😅

— Ndo hapo sasa. Halafu ungepitia 1.27 kwanza, templeti (flow zilizohifadhiwa kutumika tena) na variabo (thamani zinazotumika kwenye flow) zimeondolewa kwenye 2, variabo hamishia kwenye parameta na templeti zitoe kama faili za flow za JSON ukiwa huko huko 1.27, ndo upande kwenda 2. Na nifi.sensitive.props.key (ufunguo wa kufungua siri zilizofichwa) ya zamani beba, bila hiyo pasiwedi za database hazifunguki. Snapshoti (nakala ya vm kabla ya kuapgredi) ulipiga?

— Nilipiga, narudi nyuma saivi.