Wakuu, nimepotea ndani ya STM32CubeIDE, madirisha yanajibadilisha yenyewe

Mwanagenzi_PA5: Habari za jioni wakuu. Nimezoea Arduino, kila kitu kipo mbele ya macho: unaandika, unabonyeza mshale, taa inawaka. Sasa nimepata bodi ya Nucleo-F401RE, yenye chipu ya STM32, nikaweka STM32CubeIDE, programu ya kuandikia kodi za chipu hizo. Orodha ya mafaili ya kushoto niliifunga kwa bahati mbaya, siioni tena. Nikibonyeza kile kialama cha kidudu (Debug), skrini nzima inageuka na taa haipepesi. Nikirudi kwenye picha ya chipu kurekebisha pini, kodi niliyoandika inatoweka. Programu nimeifuta na kuiweka upya mara mbili. Nakosea wapi?

Fundi_Saketi: Pole mkuu, usiifute tena. Imejengwa juu ya Eclipse, jukwaa la kuandikia programu, na Eclipse hupanga madirisha kwa mafungu, kila kazi na fungu lake. Wenyewe wanayaita perspective. Lipo la kuandikia kodi (C/C++), la kukagua programu ikiwa inakimbia ndani ya chipu (Debug), na, kwenye matoleo ya kabla ya 2.0 kama lako, la kupanga pini, ambalo hufunguka ukibofya faili la .ioc, lile lenye picha ya chipu. Ulipobonyeza kidudu kilitokea kisanduku kinachouliza kama uhamie Debug. Wengi tunabonyeza Switch bila kusoma. Angalia juu kulia, kuna vialama vidogo vya kuhamia fungu lolote. Ukishavuruga kabisa: Window, Perspective, Reset Perspective. Ukitaka orodha ya mafaili tu: Window, Show View, Project Explorer.

Jua_Kali: Rudi Arduino mzee, maisha yenyewe mafupi 😂

Bintiumeme: Usimsikilize huyo. Taa haipepesi kwa sababu ukiingia Debug programu inasimama mwanzoni mwa main, fanksheni inayoanza kukimbia, inakusubiri wewe. Bonyeza F8 iendelee. F6 inavuka mstari mmoja mmoja, F5 inakuingiza ndani ya fanksheni. Halafu kwenye Show View tafuta SFRs (dirisha la rejista za chipu), fungua GPIOA (kundi la pini za A), ukodolee macho ODR, rejista inayoshika hali ya pini za kutoa. LD2, taa ya kwenye bodi, iko pini PA5, kwa hiyo ukivuka kwa F6 mstari wa HAL_GPIO_TogglePin, unaogeuza hali ya pini, biti ya 5 inageuka na taa inageuka nayo. Mimi siku nilipoliona hilo ndipo nilipoacha kubahatisha.

Fundi_Saketi: Na hiyo kodi inayotoweka, umeiandika wapi hasa ndani ya while, kile kitanzi kinachojirudia?

Mwanagenzi_PA5: Chini ya USER CODE END WHILE, juu ya USER CODE BEGIN 3. Si ndani ya while hapo?

Fundi_Saketi: Ndani ya while, ndiyo, lakini nje ya uzio wa alama za USER CODE! Ukihifadhi .ioc, programu inaandika upya main.c na kubakiza tu kilicho kati ya BEGIN na END yake. Hapo ulipo ni kichochoro kati ya nyua mbili, kinafagiliwa. Teremka mstari mmoja, andika chini ya BEGIN 3. Sote tumeshalia hapo.

Mwanagenzi_PA5: Inapepesa wakuu!!! Nimebadilisha pini mara tatu na kodi haijaguswa. Ila skrini yangu ndogo, sehemu ya kuandikia imebanwa kama daladala la jioni.

Bintiumeme: Bofya mara mbili jina la faili pale juu ya kodi, litajaza dirisha zima. Bofya tena mara mbili, yote yanarudi.

Jua_Kali: Mimi hilo sikulijua, na nina mwaka wa pili humo ndani.