Tasi wangu kaanza kudonoa matumbawe, nimrudishe dukani au nimvumilie?

baridi_yabisi
Wadau habari zenu. Mie nipo Uingereza huku, nina tangi la maji chumvi lita 400 hivi, urefu mita moja na nusu, mwaka wa tatu sasa. Miezi michache nyuma nilivamiwa na mwani ule wa nywele nywele pamoja na yale mapovu ya kijani yanayong'aa kama gololi, nikasugua mawe kwa mswaki mpaka vidole vikakunjamana, wapi, wiki moja yamerudi. Jamaa wa dukani akanambia chukua huyu hutojuta, hagusi matumbawe kabisa. Akaniuzia tasi wa njano, yule mwenye uso mweusi na mweupe, wao wanamwita sura ya mbweha (Siganus vulpinus). Na kwa kweli kazi kaifanya, wiki tano mawe meupe peee kama sahani za Idi.

Sasa mwani umekwisha na bwana mkubwa kahamia kwenye zoa, yale matumbawe laini ya vichwa vidogo vidogo kama maua. Jana nimekaa na chai yangu namtazama, anakuja taratibu, anainamisha kichwa, anakodoa jicho, anadonoa mara moja halafu anakwenda zake kama si yeye. Zoa za machungwa siku ya nne hii zimejifunga. Akani, lile tumbawe la nyama nene juu ya gamba gumu, nayo ina kidonda pembeni mpaka gamba jeupe la chini linaonekana. Njaa sidhani maana kila jioni nawapa chakula cha chenga na uduvi wa kwenye friza na anakula vizuri tu.

La pili, juzi usiku nimepita na tochi ya simu nikamkuta kajibana kwenye kona, njano yote imepotea, kawa kahawia mabaka mabaka kama kanzu iliyoota ukungu. Wife akasema huyo ndo basi tena. Asubuhi yupo njano kama kawaida. Ni ugonjwa au?

mtoto_wa_nahodha
Hahaha sasa weye kaka umetoka pwani ukaenda mpaka Ulaya kumnunua tafi (ndo huyo huyo tasi) kwa pesa nyingi ukamtia kwenye kioo? Huku Mombasa huyo ni wa kupaka tui na ndimu 😂 Ila tuache utani, babangu alikuwa mtu wa malema, ile mitego ya samaki, na chambo cha tafi ni mwani, si nyama. Unaujaza mwani ndani ya lema unalizamisha karibu na nyasi, kesho ukilivuta wamejaa. Tafi ni mbuzi wa baharini, ashinda kutwa yuwala. Weye wampa uduvi mara moja jioni, hiyo saa nyengine zote ale nini?

samaki_ghetto
Mabaka hayo ni ugonjwa wa madoa mshkaji, weka dawa ya shaba mapema kabla hajaambukiza wengine

Mama Akropora
JAMANI USIWEKE SHABA kwenye tangi la matumbawe!! Shaba inaua matumbawe, konokono, uduvi na kaa, na ikishaingia kwenye mawe kuitoa ni shughuli. Hata samaki akiwa anaumwa kweli unamtoa unamtibu kwenye tangi la pembeni. Ugonjwa wa madoa ni punje nyeupe kama chumvi ya mezani kwenye mapezi na ngozi, mchana unaziona, na samaki anajisugua kwenye mawe. Hayo mabaka ya kahawia ni nguo yake ya kulalia tu. Familia yote ya tasi ndo walivyo, usiku au wakishtuka wanabadilika rangi wafanane na mwamba. Wangu siku ya kwanza alilala ubavu chini ya jiwe nikamlilia kabisa, nimeenda kuchukua wavu narudi anaogelea.

Kuhusu kudonoa, huyo mtoto wa nahodha kasema kweli ila ngoja niongeze. Nimefuga mbweha wawili kwa nyakati tofauti. Tasi tumbo lake ni la mla majani, utumbo mrefu, chakula chenyewe hakina nguvu nyingi kwa hiyo inabidi ale kidogo kidogo siku nzima. Wewe ulimpa karamu ya wiki tano halafu ukafunga jiko. Mtazame kwa mbele, kama tumbo limebonyea na mgongo juu ya macho umechongoka kama kisu basi huyo ana njaa hata kama uduvi anaugombea. Nunua nori, zile karatasi za mwani za kuviringishia sushi, lakini ziwe kavu tupu, zisiwe na mafuta wala chumvi wala viungo, zile za vitafunio usiguse. Asubuhi robo karatasi kwenye klipu ya kioo, mchana robo nyingine, ikibaki jioni itoe isichafue maji ukaanza tena vita na naitreti, ule uchafu wa majini unaolisha mwani, na huo mwani wa nywele ukarudi. Mwanzoni anaweza asiielewe, wangu aliikimbia siku tatu, nikaifunga kwa mpira kwenye jiwe akaitambua.

Mbweha wa kwanza baada ya wiki mbili za nori aliacha zoa kabisa. Wa pili... yule alinenepa kama puto na akani akaendelea kuzila vilevile. Kwa hiyo siwezi kukuahidi. Yale magumu ya matawi, akropora na wenzake, sijaona wakiyajali. Wanapenda yenye nyama nyama, akani, zoa na ile inayopumua pumua zenia. Akani yako itoe sasa hivi, kidonda kilichokwishaonja mdomo kinaita mdomo mwingine.

Said_wa_Matrah
Salaam. Huku Oman tasi wa hapa wanaitwa safi, sokoni Matrah wapo karibu kila siku, ukisema kwa Kiswahili "samaki safi" watu wanacheka. Mimi nataka nikumbushe kitu hamjasema, MIIBA. Tasi ana miiba mgongoni 13, saba chini nyuma ya tumbo, na minne kwenye mapezi ya tumboni, 24 jumla na yote ina sumu. Mwaka jana nilikuwa nasugua kioo, mkono ndani mpaka kwenye kiwiko, mkono wa shati ukaelea juu yake akashtuka akarudi kinyumenyume akanipiga hapa chini ya dole gumba. Tundu lenyewe dogo kama la sindano. Dakika mbili nikahisi mtu ananitwanga na mchi, maumivu yanapanda mpaka kwapani, mwanaume mzima nimekaa chini jikoni. Nilitia mkono kwenye maji ya moto yasiyounguza, nyuzi 43 hivi, karibu saa nzima na nusu, maumivu yakashuka. Yapime kwanza kwa mkono mzima maana ule uliochomwa hausikii vizuri utajiunguza. Ukiona uvimbe unazidi au pumzi inabana kimbia hospitali, usikae na maji. Na msimkamate kwa wavu ule laini, miiba inanasa, mtoe na chombo kigumu.

kunduchi_diver
Naingilia kidogo, mimi nipo Dar nataka kuanza tangi, je nikipata vitoto vya tasi vya huku kwetu kwa wavuvi siwezi kufuga badala ya kuagiza? Na vipande vya matumbawe navyo nikiokota

Mama Akropora
@kunduchi_diver tasi wa kwenye dema (lema) huko (Siganus sutor) anafika sentimita 45, tena ni wa makundi. Kwenye tangi la nyumbani utakuwa na bonge la samaki anayegeuka kwa shida, utaishia kumla. Mbweha anaishia 24 hivi na hata huyo mimi simuweki chini ya lita 350. Matumbawe usiokote kaka, yale magumu yote yako kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, yana vibali vyake, na mwamba wenyewe umeshachoka. Tafuta mtu anayekata vipande vya kwake akugawie.

mtoto_wa_nahodha
Na hao mabingwa wa kula mwani waulize akina mama wa Unguja wanaolima mwani kwenye kamba, tasi wakipita shambani kwao ni kama nzige. Hata Mediterania binamu zao walipita mfereji wa Suez wakafika huko wakafyeka miamba ikabaki vipara. Sasa huyo mmoja kwenye kioo unadhani atashindwa?

baridi_yabisi
Nimemtazama kwa mbele kama mlivyosema. Kachongoka. Nimejisikia vibaya kweli, kumbe namtia njaa mwenyewe halafu namshtaki. Nori nimepata, leo klipu iko ndani, anaizunguka kama anaikagua. Ila asipoacha nitamtoaje? Mawe yamejaa huko ndani siwezi kuyabomoa yote.

mtoto_wa_nahodha
Si nimekwambia lema. Chukua boksi la plastiki linaloonesha, tundu moja kubwa la kuingilia, nori ndani, liache humo siku mbili tatu anaingia anatoka mpaka azowee. Siku ya tatu unafunga mlango. Kazi ya babu zetu hiyo.

Said_wa_Matrah
Hiyo ya boksi inafanya kazi, mimi nimemtoa samaki wangu mwingine, kangaja, hivyo hivyo. Lakini siku ya kuvizia usimpe chakula kingine.

baridi_yabisi
Wadau narudi na majibu, wiki ya tatu leo. Nori aliikubali siku ya pili mchana, nilikuwa kazini, nimerudi nimekuta klipu tupu. Zoa za machungwa zimefunguka siku ya tisa, zote isipokuwa kama vichwa sita ambavyo nadhani vimekufa. Mgongo umeanza kujaa. Akani niliitoa siku ile ile ipo kwenye kitangi kidogo jikoni, kidonda kimeanza kufunikwa na nyama mpya, sijathubutu kuirudisha. Wiki iliyopita nimejaribu kuweka kipande kimoja tu cha akani cha bei rahisi kuona atafanyaje, alikuja ndani ya dakika kumi akakidonoa huku nori iko pale pale inapepea. Kwa hiyo zoa ilikuwa njaa ila akani ni uroho tu. Nimeamua akani zitakaa jikoni na yeye atakaa, maana mapovu ya kijani hayajarudi hata moja.

Boksi la plastiki nimelitoboa nimeliweka chini ya kabati lisubiri. Na @mtoto_wa_nahodha hapana, hapakwi tui.