Yule mwalimu wa kozi kashika kona ya logo, kavuta, kasema "imekaa"

rula_ya_chuma

Wasimamizi msiunganishe uzi huu na ule wa juzi. Huu ni wa moto, somo limeisha dakika kumi zilizopita.

Mnamjua, hakuna haja ya kumtaja. Yule wa taa ya zambarau nyuma ya kiti, anayefungua kila kipindi kwa idadi ya wafuasi kabla hajachora hata mstari mmoja. Leo, mubashara, mbele ya watu waliolipia kozi ya "dizaina kamili ndani ya siku saba", amefungua logo ya JPEG yenye upana wa pikseli 500. Kaiweka kwenye bango la mita 3. Kashika kona. Kavuta. Kavuta mpaka logo imegusa ukingo, na lile boksi jeupe bado limeizunguka juu ya rangi nyekundu kama plasta kwenye goti. Kisha kaegemea kiti: "Mmeona? Imekaa."

IMEKAA!

Imekaa wapi? Pikseli 500 kwenye mita 3 maana yake kila pikseli ni mraba wa milimita 6, karibu unene wa penseli. Programu itajitahidi kulainisha, kwa hiyo badala ya vigae utapata ukungu, lakini hakuna kitu kipya kilichoongezeka humo ndani. Halafu JPEG hubana picha kwa vipande vya pikseli 8 kwa 8. Ule uchafu unaozunguka herufi, ambao kwenye simu huuoni, hapo unakuwa madoa ya karibu sentimita 5 kila moja. Ndege wakiliona bango hilo watabadili njia.

Mwanafunzi mmoja kauliza kwa adabu kabisa: mwalimu, si tutafute kwanza faili ya vekta, ile inayochorwa kwa mistari ya kihesabu badala ya pikseli? Akajibiwa, "Maswali ya vekta ni ya mafundi wasio na wateja." Mbele ya watu wote. Mtu kauliza swali sahihi kuliko yote yaliyoulizwa siku hiyo, kanyamazishwa na mtu aliyeshika kona.

Kazi yenyewe wala si ngumu. Unamwomba mteja SVG, AI, EPS au PDF ya asili. Akisema hana, unaiweka ile JPEG kwenye leya, unaifunga, unachora upya juu yake kwa kalamu ya nodi (nodi ni nukta zinazoshikilia mstari). Herufi huchori, unatafuta fonti yake, unaandika upya, unarekebisha nafasi kati ya herufi, kisha unaigeuza kuwa njia, yaani mchoro usiotegemea fonti tena. Logo ya kawaida ni kazi ya saa moja. Ukivuta vekta hiyo mpaka iwe na ukubwa wa uwanja wa mpira, ukingo wake utabaki mkali kama wembe.

Lakini yeye kashika kona. Na kasema imekaa.

K100

Mkuu umenena. Ongeza na hili: baada ya kuvuta kona aliisevu kwa RGB, rangi za skrini, akasema "mashine itajijua". Mashine haijijui. Ile nyeusi ya RGB ikigeuzwa kuwa CMYK, wino nne za uchapaji, kwa profaili ya SWOP inakuwa 75/68/67/90 (asilimia za samawati, majenta, njano na nyeusi), yaani wino asilimia 300 kwenye herufi ndogo ya pointi 8. Karatasi ikisogea kidogo tu kati ya rangi moja na nyingine, kila herufi inaota kivuli chekundu upande huu na cha bluu upande ule. Maandishi madogo meusi ni K100 peke yake, yaani wino mweusi asilimia 100. Nyeusi nzito, mfano 60/40/40/100, ni ya maeneo makubwa. Hii ni hatua ya kwanza kabisa, kabla hata ya kujua jina la fonti.

boksi_jeupe

Povu lote hili kwa sababu ya kona? Mleta mada acha wivu. Mwenzako anajaza darasa, wewe unajaza uzi.

rula_ya_chuma

@boksi_jeupe kujaza darasa siyo hoja. Watu wote wale wameondoka wakiamini JPEG ya pikseli 500 inatosha bango. Kesho kila mmoja atashika kona yake. Zidisha.

nodi_mbili

Samahani mleta mada, umesema kashika kona. Alishika Shift au hakushika? Maana kwenye Photoshop ya zamani usiposhika Shift picha inatanuka kama uji uliomwagika, lakini tangu toleo la 2019 mambo yamegeuka, uwiano unalindwa wenyewe na Shift ndiyo inayouvunja. Kwenye Illustrator bado unashika Shift. Nusu ya mafunzo ya mtandaoni ni ya kabla ya mabadiliko hayo, wanafunzi wanafuata hatua kwa hatua na logo zinatoka zimebonyea, kisha wanaambiwa hawana kipaji.

rula_ya_chuma

Alishika, hakushika, haibadilishi kitu! Tatizo ni pikseli 500!

nodi_mbili

Inabadilisha. Ukungu ni kosa moja, kubonyea ni kosa la pili. Nataka kujua kama alifanya makosa mawili.

milimita3

Tuwe wakweli, hata mleta mada katia chumvi. Bango la mita 3 kwa 1 halihitaji pikseli 300 kwa inchi. Linatazamwa kutoka mbali, 100 zinatosha, yaani pikseli 11,811 kwa 3,937. Wengine wanafanya kazi kwa kipimo cha 1:10, ukurasa wa sentimita 30 kwa 10, na wanaandika kipimo hicho kwenye jina la faili. Ile 300 ni ya kitu kinachoshikwa mkononi: A4 ni 2480 kwa 3508.

Kinachoniudhi mimi ni vipeperushi. Watu wanaleta ukurasa uliokatwa sawasawa na ukubwa wa karatasi, rangi imefika ukingoni, blidi (rangi ya ziada inayovuka mstari wa kukata) hakuna. Kisu kikihama nusu milimita unapata utepe mweupe pembeni, na lawama zote kwa mchapaji. Ongeza milimita 3 kila upande, maandishi yakae ndani angalau milimita 5, toa PDF/X-4, ile PDF ya uchapaji, yenye fonti ndani yake. Dakika mbili tu! Kona ni jambo dogo.

rula_ya_chuma

Sijasema 300 popote, soma tena. Hata kwa hizo 100 zako, 500 ni chini ya sehemu moja ya ishirini na tatu ya 11,811. Na KONA SI JAMBO DOGO.

kivuli_laini

Nyie wa karatasi mna bahati, angalau kosa lenu linaonekana. Njooni huku kwenye skrini. Kila anayejifunza mwaka huu anaweka kioo chenye ukungu juu ya gradienti (rangi inayofifia kuwa nyingine), kisha maandishi ya kijivu hafifu juu ya kioo. Kijivu #AAAAAA juu ya nyeupe kinatoa uwiano wa 2.3 kwa 1 tu, wakati WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kurasa zinazosomeka na kila mtu, inataka angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Mtu akiwa juani na simu yake haoni kitu. Kijivu cha mwisho kinachopita juu ya nyeupe ni #767676, kikariri. Na juu ya kioo pima pale gradienti inapong'aa zaidi, maana ndipo herufi zinapozama. Wengi wanapima kwenye sehemu nyeusi, wanafurahi, wanaposti.

boksi_jeupe

Sasa mbona hilo ndilo lingekuwa uzi. Hii ya kona ifungwe.

mokapu_tupu

Mimi wanaonichosha ni wa potifolio. Unafungua ukurasa wa mtu Behance, mtandao wa wabunifu kuonyesha kazi zao, kazi arobaini, zote ni logo ile ile moja imebandikwa kwenye kikombe, begi, fulana, ukuta wa zege na kadi inayoelea hewani. Anayetafuta mbunifu hajifunzi chochote kutoka kwenye kikombe. Weka kazi sita mpaka nane. Kila moja ianze na tatizo la mteja kwa sentensi mbili, michoro ya kalamu, njia mbili ulizozitupa na sababu, kisha logo ikiwa ndogo kabisa, pikseli 16, na ikiwa rangi moja. Ikifa kwenye pikseli 16, haijaisha. Kikombe kiwe cha mwisho, kimoja.

Na kama kazi ni ya kujibunia, andika kwamba ni ya kujibunia. Kuna wanaoweka nembo za kampuni kubwa kana kwamba waliajiriwa nazo. Anayekuajiri akiuliza swali moja tu la ziada, umekwisha.

K100

Hapo kwenye pikseli 16 ndipo templeti nazo zinapofia. Mtu anachukua ua kutoka maktaba ya picha, anaandika jina la biashara chini, anamwuzia mteja kama logo ya kipekee. Ua lile lile limo kwenye saluni elfu moja. Kipengele cha maktaba huna haki ya kukimiliki peke yako, kwa hiyo mteja hawezi kukisajili kama alama ya biashara, na anagundua siku ya kusajili.

rula_ya_chuma

Jamani, turudi kwenye mada. Yule mwanafunzi aliyeuliza kuhusu vekta bado hajaombwa radhi.

nodi_mbili

Na bado hatujaambiwa kuhusu Shift.

mwanzo_mgumu

Wakuu naomba kuuliza, nimeanza mwezi huu, sina uwezo wa kulipia programu. Hiyo kalamu ya nodi naipata wapi?

kivuli_laini

Inkscape, ni ya bure na ina kila kitu unachohitaji kwa vekta. Bonyeza B, kalamu hiyo. Kwa kurekebisha nodi bonyeza N. Picha nenda GIMP, kitabu au jarida nenda Scribus, inatoa PDF ya CMYK. Fonti chukua Google Fonts, nyingi zina leseni huria, unaruhusiwa kuzitumia kwenye kazi ya kulipwa. Anza kwa kuchora upya herufi moja kubwa, tuseme S, kwa nodi chache kadiri unavyoweza. Weka nodi kwenye ncha za mikunjo, juu, chini, kushoto na kulia, mikono yake iwe imelala au imesimama wima. Ukiona S ina nodi ishirini na tano, ifute uanze tena.

milimita3

S siyo ya mwanzo, mkuu, utamkatisha tamaa mtoto wa watu. Aanze na O, kisha D, ndipo S.

kivuli_laini

O haifundishi mkunjo unaogeuka. S.

mokapu_tupu

Mnaanzaje na herufi kabla hajajua gridi, ile mistari ya kupangia vitu?