Mungu amekuita ila hujaonyeshwa unakokwenda, ulifanyaje? Tupeane uzoefu

Binti wa Chumbageni:
Bwana asifiwe wapendwa, na asalam aleykum ndugu zangu Waislamu, maana hapa Tanga tunaishi pamoja na jambo hili halina dini moja. Nina miaka 34, mhasibu kwenye kampuni moja hapa mjini, mwaka wa 9 huu. Mwaka juzi tulienda na kwaya huko juu Lushoto kwenye kituo cha watoto wenye ulemavu kupeleka sabuni na mchele, nikapewa mtoto wa kama miaka 6 nimlishe uji, kila kijiko anakamata kidole changu cha shahada hakiachii mpaka ameze. Tangu siku hiyo nikipiga magoti kuomba ni kile kidole, nikifungua Neno ni kile kidole. Sasa mwezi uliopita wamenipigia wanahitaji mtu wa kulea watoto na kuwashikia hesabu, mshahara haufiki nusu ya ninaopata. Mama yuko Ngamiani ananitegemea, mdogo wangu yuko chuo. Mistari naijua, Ibrahimu ana miaka 75 anatoka Harani hajui aendako, ila mi nataka nyie mniambie usiku ule wa kuamua mlilala vipi.

Katekista Bagamoyo:
Tumsifu Yesu Kristo dada yangu. Mi nilikuwa mvuvi, jarife na ngalawa toka utoto. Mwaka 2011 paroko akaniomba nikasomee ukatekista nikamwambia Baba mi darasa la saba, nina watoto wanne, watakula nini? Mwaka mzima namkwepa, nikimwona barabarani nakatiza sokoni. Sikuota ndoto wala sikusikia sauti. Kuna siku tulienda kufyeka makaburi ya misheni, ya wale mapadre wa Roho Mtakatifu waliovuka kutoka Zanzibar mwaka 1868 wakaanza na watumwa waliokombolewa, nikawa nafyeka huku nasoma majina, unakuta huyu kafa kijana kabisa, na wa pembeni yake kijana, malaria iliwamaliza hata Kiswahili hawajakishika vizuri. Nikakaa chini na panga langu mkononi. Hawa waliitwa waje wafe tu? Walichokipanda wengine hawakukiona hata kikichipua, na mimi ndo nimebatizwa palepale. Jioni nikaenda kwa paroko, na sio kwamba nilikuwa na ile amani watu wanayoisimulia, hapana, tumbo linakata njia nzima. Kigango nilichopewa tulisali chini ya mkorosho, watu 11 na mbuzi wa jirani. Bahari sikuiacha yote, Jumatatu mpaka Jumatano naingia majini kutafuta mboga na ada, siku zingine ni za Bwana. Kuna miezi tumelala na uji. Hiyo sikufichi.

Mama Vitenge:
Mi nizungumze upande mwingine japo unaniuma mpaka leo. Alikuja mtumishi mmoja wa kupita akaniambia ameonyeshwa nina huduma kubwa ila duka limenifunga, niliuze. Nikauza mzigo wote wa vitenge, hela nikampa mkononi kama mbegu ya kufungulia huduma, wiki ya tatu simu haipatikani. Nilianza upya na vitumbua, saa kumi alfajiri niko jikoni na moshi machoni nalia, sijui ni moshi sijui ni nini. Nimekaa na jambo hili miaka mingi na nimegundua kwamba mi sikuwahi kuitwa, niliambiwa nimeitwa, na aliyeniambia ndo huyohuyo aliyepokea hela. We mdogo wangu hakuna aliyekutabiria, hakuna anayetaka hata mia yako, na limekung'ang'ania mwaka na zaidi bila mtu kukuchochea. Hiyo ni tofauti kubwa sana. Ila mwekee mama akiba ya miezi 6 kwanza, kumtii Mungu sio kumtupa mama.

Wa Muheza:
Nafuatilia. Na mimi kuna barua nimeikalia.

Ustadh Pangani:
Waaleykum salaam. Niliombwa nikasomeshe madrasa ng'ambo ya Bweni, kila siku nivuke na kivuko na malipo hakuna. Nikasali istikhara, ile sala ya kumuomba Mwenyezi Mungu akuongoze kwenye uamuzi, usiku wa kwanza sikuota kitu, wa pili sikuota kitu, nikamfuata sheikh wangu nimechanganyikiwa, akaniambia nani kakwambia lazima uote? Wewe umemuomba Mwenyezi Mungu kama jambo lina kheri alifanye jepesi na kama lina shari aliepushe nawe, sasa inuka uliendee, likifunguka utaona na likifungwa utaona. Nikaenda. Wanafunzi wanne, juzuu mbili zimechanika. Sahivi jamvi halitoshi.

Binti wa Chumbageni:
Nimesoma zote mara mbili, ya Mama Vitenge mara tatu. Asante sana mama, najua haikuwa rahisi kuyaandika. Nimeongea na mama jana usiku, alikaa kimya mrefu halafu akaniuliza huko Lushoto si baridi, una sweta? Nikashindwa hata kujibu. Jumatatu naomba ofisini likizo bila malipo miezi mitatu, wakikataa nitajua cha kufanya. Bado naogopa. Katekista nijibu moja tu, mkeo ulimwambiaje?

Katekista Bagamoyo:
Nilimkuta uani anasuka ukili. Nikasimama tu na panga langu, maneno hayatoki. Akaniangalia akasema umetoka kwa paroko wewe, nikasema ndio. Akaendelea kusuka weee, mpaka kiza kinaingia, halafu akasema haya, Jumapili yako ya kwanza mi nitakaa mbele kabisa, ukisahau maneno niangalie mimi.