Mdogo wangu kakatwa kwenye usaili, wamembakiza awe mtumishi wa wale waliopita. Aendelee au atoke?

Kifuu Kitupu (mleta uzi)
Wakuu, salaam. Naandika kwa kifupi maana kichwa hakijatulia. Mdogo wangu, wa mwisho kwa mama, alikuwa anawania kuingia kikosi kimoja cha wapiganaji wa hali ya juu kabisa. Si askari wa kawaida, ni wale ambao mmoja wao anafanya kazi ya kundi zima. Kafika hatua za mwisho, kakatwa. Badala ya kumrudisha nyumbani wakamwambia anaweza kubaki kikosini kama mtumishi: kusafisha silaha, kupika, kuwavalisha wenzake mavazi ya vita. Yaani wale aliolala nao chumba kimoja, sasa anawafunga buti.

Dogo kasusa, simu yangu hapokei. Mimi naona abaki, heshima itakuja polepole. Shemeji yenu anasema nimwombe radhi na nimtoe. Jumamosi lazima niwe na jibu. Mngekuwa ninyi mngefanyaje? Matusi hapana, tafadhali.

Babu Zege
Abaki. Mimi mjini nilianza kwa kubeba zege, fundi mkuu alikuwa kijana niliyemzidi umri na alikuwa ananiita "wewe mzee". Leo ana deni kwangu na ananisalimia shikamoo. Vijana wa siku hizi mnataka kuanzia ghorofani.

Dada wa Maskati
Kaka, jambo la kwanza uliza pasi yake ya kusafiria iko mkononi mwa nani. Mimi nimefanya kazi za ndani huku Ghuba, nyumba ya kwanza walinichukulia pasi siku ileile niliyofika, "tukutunzie". Kuipata tena ilikuwa vita. Mkataba ni wa muda gani? Likizo ipo? Simu anaruhusiwa? Usituambie heshima, tuambie mkataba.

Mkia wa Taa
Kama wanakula vizuri niombee na mimi nafasi. Kuwafunga buti tu? Mimi hata mswaki nitawapigia.

Mtumishi Ezekia
Ndugu, utumishi si aibu. Elisha alikuwa anammiminia Eliya maji mikononi, imeandikwa katika Wafalme wa Pili sura ya 3. Mwambie mdogo wako asome hapo kwa unyenyekevu.

Mkia wa Taa
Elisha aliachiwa vazi la bosi, mtumishi. Huyu dogo ataachiwa nini, buti?

Kifuu Kitupu
Asanteni wote. @Dada wa Maskati, pasi haina kazi kule. Mkataba ni wa maisha. Likizo hakuna. Akipata watoto, kwa desturi nao wanakuwa watumishi wa kikosi hichohicho. Makazi yao ni ndani ya ngome au ndani ya meli. Lakini mnaangalia upande mmoja tu: waliopita nao si kwamba wanastarehe. Wanapasuliwa kifua, wanawekewa moyo wa pili, halafu viungo vingine 18 kimoja baada ya kingine kwa miaka, na wengi wanafia mezani. Kwa hiyo unaweza kusema dogo kaponea.

Dada wa Maskati
MOYO WA PILI? Kaka hao wanauza viungo! Acha kuandika humu, nenda polisi sasa hivi. Hiyo meli iko bandari gani?

Babu Zege
Mimi bado nasema abaki, ila asisaini kitu.

Fundi Saa
Wakuu, shusheni pumzi. Chai hii, tena ya maziwa. Moyo wa pili, viungo 19, mtumishi wa maisha, meli: hiyo ni Warhammer 40,000, mchezo wa Kiingereza wa vinyago vya kivita uliotoka mwaka 1987, simulizi yake iko kwenye milenia ya 41 huko. Dola ya binadamu imeoza, Kaisari wao kakaa kwenye kiti cha dhahabu si mzima si maiti, na wanaolinda hiyo dola ni hawa majitu wanaoitwa Space Marines. Wanachukuliwa wakiwa watoto wa kiume, maana mwili wa mtu mzima haupokei vile viungo. Anayefeli majaribio na akabaki hai anafanywa mtumishi wa kikosi. Hakuna dogo hapa. Mleta uzi anatupanga.

Mkia wa Taa
Na mimi nilishaanza kutafuta mswaki.

Mtumishi Ezekia
Kumbe tunamjibia shetani.

Kifuu Kitupu
Sijampanga mtu. Sikusema ni nchi gani wala jeshi gani. Ni mchezo, ndiyo, lakini dogo ni wa kweli na kasusa kwelikweli. Tunacheza watu watano nyumbani kwangu Jumamosi jioni. Vinyago hatuna, bei yake ni kodi ya nyumba, tunacheza kwa mdomo, karatasi na dadu. Mimi ndiye msimuliaji na mwamuzi. Wanne walifaulu majaribio, wakawa majitu. Mdogo wangu mhusika wake akafeli. Nikampa utumishi. Akanyanyuka mezani, akachukua kofia ya pikipiki akaondoka. Ningeanza na "mchezo" mngenipeleka jukwaa la watoto.

Dada wa Maskati
Umenitoa jasho bure. Lakini swali langu liko palepale: kwa nini mkeo anasema uombe radhi? Mtu hamwombi radhi mwenzake kwa sababu dadu imemkataa. Kuna kitu umekiruka.

Fundi Saa
Haya, kama ni mchezo basi tuongee mchezo. Mleta uzi umefanya utumishi uwe adhabu, ndipo ulipokosea kisimulizi. Fikiria hesabu: kikosi kamili ni kama majitu 1,000 tu, makundi kumi ya watu 100. Nani anaendesha meli zao? Nani anakaa kwenye mizinga ya meli, nani anaandika kumbukumbu, anapika, analinda geti la ngome? Watumishi, na ni wengi kuliko hao mabwana. Lile deraya lenyewe jitu halivai peke yake kama koti. Linaunganishwa na mwili, kipande baada ya kipande, mafuta, dua, vifungo, na mikono inayofanya hivyo ni ya watu wa kawaida kama mdogo wako. Mhusika kama huyo anasikia siri zote. Anajua nani alirudi vitani anatetemeka.

Na kila kikosi kina tabia yake. Wale wa Salamanders, kwao Nocturne, sayari ya volkano, wana watumishi ambao kazi yao ni kumchoma jitu alama mwilini kwa chuma cha moto, kila tendo la vita na alama yake. Hebu fikiria mezani kwenu: wale wanne wakitaka sifa zao ziandikwe, lazima wapige magoti mbele ya dogo.

Kichuguu cha Pili
Fundi usimpambie utumwa. Umesahau kusema fungu la tatu la waliofeli. Wengine hawawi watumishi, wanakwanguliwa ubongo na kuunganishwa na mashine, wanabaki kubeba makasha na kufungua milango mpaka waoze. Ile dunia iliandikwa iwe ya kutisha, na utamu wake ndio huo. Mtumishi anayempenda bwana wake kule ni mtu aliyefundishwa kupenda tangu akiwa mtoto. Mleta uzi, kama dogo kasusa, basi ndiye pekee mezani aliyeielewa hadithi.

Wa Kariokor
Mimi ni wa Nairobi, mniwie radhi Kiswahili changu. Hii mada imenigusa kwa sababu nyingine. Baba ya babu yangu alibeba mizigo vita ya kwanza ya dunia, si bunduki, mizigo. Jeshi la Waingereza huku Afrika Mashariki lilitembea kwa vichwa na mabega ya wapagazi, na wengi sana walikufa kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Sasa nendeni pale katikati ya mji wetu kwa ile sanamu ya 1928. Wamesimama watatu, na mmoja ni mpagazi. Maandishi yanawaita miguu na mikono ya jeshi. Halafu nikaja Dar kwa harusi, nikaona ile yenu ya 1927, mchongaji ni huyo huyo. Askari yuko peke yake na bayoneti. Nilimtafuta mpagazi mpaka dereva wa bajaji akachoka kuningoja.

Babu Zege
Mpagazi wetu tulimjengea soko. Kariakoo nzima ni yake, jina lenyewe limetoka kwenye Carrier Corps, kikosi cha wapagazi.

Wa Kariokor
Sawa mzee, hata sisi Kariokor tuko na soko. Lakini soko halina uso.

Kifuu Kitupu
@Fundi Saa, hilo la kuchoma alama nimelipenda sana, nalichukua. @Kichuguu cha Pili, mimi sikumpeleka kwenye mashine, nilimwonea huruma. Na tuelewane, kanuni ni kanuni, mwamuzi akisema umefeli umefeli.

Dada wa Maskati
Mwamuzi *akisema*. Siyo dadu *ikikataa*. Kaka, dadu ilisoma ngapi?

Mkia wa Taa
Nimesogeza kigoda.

Fundi Saa
Jibu swali la dada.

Kifuu Kitupu
Mimi narusha nyuma ya faili, wachezaji hawaoni. Ndivyo waamuzi wengi wanavyofanya, siyo mimi niliyeanzisha.

Dada wa Maskati
Ilisoma ngapi?

Kifuu Kitupu
Ilikubali. Haya. Ilikubali vizuri tu. Nikasema haijakubali.

Kabla hamjanirukia, sikilizeni. Dogo mwaka huu aliomba jeshi, la kweli, la hapa. Mbio alikimbia, maandishi alipita, wakamkata kwenye macho. Tangu hapo amekaa kwenye kochi langu anatazama simu. Nikaona nikimfanya jitu mezani nitakuwa nampa pipi. Nilitaka aone kuwa kuna maisha ndani ya kikosi hata kama hukuvaa deraya. Fundi hapo juu kaeleza vizuri kuliko mimi, ndicho nilichokuwa nacho kichwani. Shida hakunipa nafasi nimalize simulizi. Shemeji yenu alikuwa kakaa upande wangu wa meza, aliiona dadu, na ndiye aliyemwambia.

Babu Zege
Mke wa watu hana kosa.

Mtumishi Ezekia
Mizani ya udanganyifu ni chukizo kwa Bwana, Mithali 11. Hapo hata mimi nisiyecheza nimeona.

Kichuguu cha Pili
Ngoja nikae vizuri. Kijana amekatwa kweli kwa macho, ambayo hakuyachagua. Wiki chache baadaye anapata sehemu moja ambako macho hayahusiki, anarusha, anapita, na kaka yake wa damu anamkata tena. Halafu kaka anakuja humu anauliza "aendelee au atoke". Mkuu, ulimfanyia usaili wa pili.

Kifuu Kitupu
Ni mchezo! Na mimi ndiye ninayemlisha.

Kichuguu cha Pili
Hilo la kumlisha limeingiaje?

Mkia wa Taa
Mimi naona hata dogo hayupo. Mwanzo lilikuwa jeshi la siri, likawa vinyago, sasa ni macho. Kila tukimbana anatoa ngozi mpya. Wazo langu: aliyekatwa kwa macho ni mleta uzi mwenyewe, na sasa analipiza mezani kwa kila anayetaka kuvaa deraya.

Babu Zege
Duh. Hilo nalo neno.

Kifuu Kitupu
Macho yangu mazima, nasoma mpaka namba za daladala iliyo kituo cha mbele. Mimi jeshi sikuwahi kuomba, nilikuwa naogopa. Dogo hakuogopa. Mwenye kuamini aamini.

Uamuzi wangu ni huu. Abaki mtumishi, lakini mchoma alama, kama alivyosema Fundi. Jumamosi jitu wa kwanza anapiga magoti mbele yake. Ataelewa.

Fundi Saa
Mkuu, nilikupa hilo wazo kabla sijajua dadu ilikubali. Naliondoa. Dadu ikikubali, mpe kiti chake, halafu mhusika wa mtumishi uigize wewe. Msimuliaji ana nafasi ya kuwa mtu yeyote.

Dada wa Maskati
Naunga mkono. Wewe ndiye umvalishe deraya, kipande baada ya kipande, huku wenzake wanatazama. Na simu, usipige. Mfuate alipo.

Kifuu Kitupu
Nimesikia. Lakini nikirudisha matokeo nyuma nitapoteza mamlaka mezani. Wale wanne nao wataanza kudai kila dadu iangaliwe. Kuchoma alama kunatosha, ni cheo kikubwa.

Babu Zege
Sasa ushauri ulikuja kuomba wa nini?

Kifuu Kitupu
Nimechukua nusu yake.

Wa Kariokor
Kama kiti cha dogo kitabaki wazi, mnaweza kuchukua mtu wa simu kutoka Nairobi? Dadu ninazo. Za kioo, kila mtu anaona.

Kifuu Kitupu
Nafasi ipo, karibu. Ila unaanza kama mtumishi.