Makaa ya mawe ya umma Marekani: tani moja kwa bei ya njiti ya kiberiti, ni halali?

Mtoa mada:
Wakuu, salaam. Oktoba 2025 serikali ya Marekani ilipiga mnada makaa ya mawe yaliyo kwenye ardhi ya umma jimboni Montana, tani milioni 167. Alijitokeza mnunuzi mmoja tu, NTEC, kampuni ya taifa la Wanavajo, wenyeji wa asili wa Marekani. Akaweka mezani dola 186,000. Pigeni hesabu: kwa hela yetu ya Tanzania tani moja haifiki shilingi tatu. Mwaka 2012 jimbo jirani la Wyoming, kampuni ya makaa ya Peabody walitoa dola milioni 793 kwa tani milioni 721, yaani dola moja na ushee kwa tani.

Msinirukie na mambo ya tabianchi, hayo yana uzi wake. Mimi nauliza bei.

Utaratibu wao uko hivi: kampuni yenye mgodi ndiyo inayoomba eneo, na huomba lile linalopakana na mgodi wake. Ni kama mpangaji wa Kariakoo anayetaka fremu ya ubavuni ili avunje ukuta apanue duka. Mtu wa nje aje kugombea ya nini? Wakaguzi wa Bunge lao walipitia mauzo tangu 1990: maeneo 107, na 96 yalikuwa na mwombaji mmoja. Halafu tunaita mnada.

Kiwango cha chini ni dola 100 kwa eka. Kwa eka! Wakati huko kuna matabaka ya makaa yenye unene wa futi 60 na zaidi. Hoja yangu: kiwango kiwekwe kwa tani, na mwombaji akiwa mmoja mnada uahirishwe.

Dereva wa semi:
Mkuu, unachanganya kilemba na kodi. Hiyo 186,000 ni kilemba cha kuingilia tu. Akianza kuchimba analipa mrabaha kwa kila anachouza. Tena sheria yao inataka eneo lisiuzwe chini ya thamani ya soko, hiyo dola 100 ni sakafu tu.

Mimi huwa napita Gillette, Wyoming, na mzigo. Unasimama kwenye reli unahesabu mabehewa, unafika mia na treni bado inapita. Vilemba hivyo hivyo ndivyo vilivyojenga shule za jimbo lile. Ukisema mnada uahirishwe, mji mzima unasubiri na wewe.

Mtoa mada:
Nakubali kwenye kilemba, nilipaswa kutenganisha. Lakini huo mrabaha unaonitajia, tangu sheria ya 1976 haukuwa chini ya 12.5% kwa migodi ya wazi. Sheria ya Julai 2025 imeushusha usizidi 7% mpaka 2034. Kwa hiyo kilemba cha njiti, na kodi nayo karibu nusu. Hao watoto wa Gillette wamepunguziwa na nani?

Mkaazi wa Kitui:
Sisi huku bonde la Mui, Kenya, tunasoma tukicheka kidogo. Sheria yetu ya madini ya 2016 inagawa mrabaha: 70 kwa serikali kuu, 20 kaunti, 10 jamii ya pale pale. Kwenye karatasi ni tamu, na makaa yenyewe bado yamelala chini. Wamarekani karibu nusu inarudi jimboni. Ningekuwa Wyoming ningepigania hiyo asilimia kwanza, kilemba baadaye.

Mfanyabiashara wa machungwa:
Jamani, umeme wao wa makaa mwaka 2005 ulikuwa karibu nusu ya umeme wote. Sasa hata moja ya tano haufiki. Bei imeanguka kwa sababu mteja hayupo. Mimi msimu chungwa likijaa Muheza nalitoa kwa bei ya aibu, maana kesho linaoza.

Mtoa mada:
Hapo umenisaidia, mkuu. Chungwa linaoza. Makaa yana mamilioni ya miaka pale chini, yaoze leo?

Dereva wa semi:
Ila mtoa mada hujasema mwisho wake. Serikali yenyewe ililikataa hilo dau, na mnada wa Wyoming uliokuwa ufuate siku chache baadaye ukaahirishwa. Sasa sheria unayotaka iongezwe ni ipi, kama iliyopo imeweza kusema hapana?

Mtoa mada:
Imesema hapana kwa shilingi tatu. Angekuja na thelathini?