Naomba ushauri: kijitabu cha tafakari 30, nakala 200 za Unguja na Pemba

Neema_Mbweni
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Nina tafakari 30 kwenye simu, kila moja maneno kama 400. Nataka nakala 200 za kugawa kanisani, nyingine ziende Wete. Nianzie wapi? Na jirani Muislamu akikiokota, haitakuwa tabu?

Mwl_Kiungani
Amina, dada. Anza kupunguza. Ukurasa wa A5, herufi ukubwa wa 11, hubeba maneno kama 250 pamoja na kichwa na andiko. Ukibaki na 400, kila tafakari itamwagikia ukurasa wa pili na gharama itapanda karibu mara mbili. Pa kukata panajulikana: aya ya kwanza yenye "katika dunia ya leo", na ya mwisho inayorudia yaliyokwisha semwa. Andiko moja, wazo moja, jambo moja la kutenda siku hiyo. Ukirundika mistari sita kwenye mabano, msomaji hafungui hata mmoja.

Nukuu usizitoe kichwani, weka Biblia mezani. 1 Timotheo 6:10 haisemi fedha ni shina la mabaya, inasema kupenda fedha. Na "jisaidie nami nitakusaidia" haimo kabisa, ingawa mimbarini husikika kila mwaka! Shika tafsiri moja, ama Union ya 1952 ama Habari Njema, uitaje mwanzoni, na usome masharti ya kunukuu kwenye ukurasa wake wa hakimiliki.

Minara2
Wakatoliki nao watasoma? Hata hivyo Sira na Tobiti, vitabu vilivyomo kwenye Biblia ya Kikatoliki, visiwe andiko la siku. Biblia nyingi za Union zina vitabu 66, asiye Mkatoliki atatafuta asione.

Fundi_Chapa
Kurasa lazima zigawanyike kwa 4, maana A4 moja ikikunjwa hutoa kurasa nne za A5. Tafakari 30, jina, hakimiliki, yaliyomo, utangulizi, na mbili tupu za kuandika maombi: 36, yaani karatasi 9. Ukizidisha ukurasa mmoja tu unarukia 40. Nakala 200 ni karatasi 1,800, kwa hiyo nunua rimu 4 za gramu 80, zitakazobaki ni za kuharibika. Jalada gramu 200 hadi 250, pini mbili kwenye mkunjo, na pambizo ya ndani isipungue milimita 15, la sivyo maneno yanamezwa na mkunjo.

Stationari peleka PDF, si Word. Kompyuta yao ikikosa fonti yako, mistari inahama na ukurasa wa 12 unaangukia wa 13. Chapisha nakala moja kwanza, isome yote kwa kalamu nyekundu, ndipo uruhusu 200. Za Wete zifunge kwa nailoni kabla ya meli, na zisilazwe sakafuni wakati wa masika.

Bi_Shengejuu
La jirani: andika imani yako, yake usiiguse. Usilinganishe vitabu wala mitume, usibishane na mtu asiyekuwepo. Jaladani iandikwe wazi "Tafakari za Kikristo", na ugawe kanisani, si sokoni wala bandarini. Kiswahili kiwe hiki chetu cha nyumbani. Kiunguja ndicho msingi wa Kiswahili sanifu, huna haja ya kuazima lugha ya mahubiri ya mikutano ya hadhara.

Neema_Mbweni
Ahsanteni sana. ISBN je, ile namba ya utambulisho wa kitabu?

Mwl_Kiungani
Kwa kugawa kanisani si lazima. Itatakiwa ukitaka kuuza madukani. Hakimiliki unayo tangu ulipoandika. Ukitaka kuisajili, ofisi ya hakimiliki kwa Zanzibar ni COSOZA, COSOTA ni ya bara.